Sambaza wetu alitoka Uvira: historia ya uvuvi kati ya Tanganyika, Ruzizi na Kivu



Hapa kwetu, katika komini ya Ibanda, kuna mahali ambapo ziwa Kivu linakoma na kuwa mto. Ukiteremka Nguba kuelekea mpaka wa Ruzizi ya Kwanza, unaona maji yanabanwa kati ya vilima viwili, yanapita chini ya daraja, kisha yanaanza safari. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 100. Inapita mabonde na maporomoko, inafika Kamanyola, inaingia uwanda wa Ruzizi, na mwishoni maji yanamwagika katika Tanganyika, karibu na Uvira na Bujumbura.

Jamaa nyingi za muji huu zinaijua njia hiyo kwa miguu. Februari 2025, vita ilipoingia Bukavu, watu waliteremka kuelekea huko huko maji yanakoelekea. Wengine walisimama Kamanyola, wengine walifika Uvira, wengine walivuka Ruzizi wakaingia Burundi. Na wengi walio kando ya Tanganyika wanakula ndagala, wanasifu wali au bugali, kisha wanaongeza: lakini sambaza wa Bukavu ni sambaza wa Bukavu.

Leo nataka kuwaambia jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Alitoka huko huko Tanganyika. Aliletwa na watu, akapandishwa mlima, akamwagwa katika ziwa lisilo lake, na ndani ya maisha ya mtu mmoja akawa chakula cha kila siku cha muji wetu. Kuna wazee walio hai leo waliozaliwa Bukavu kabla ya sambaza. Historia yake ni fupi, na kwa sababu hiyo inatupasa kuijua vizuri. Kitu kilichokuja kwa mkono wa mtu kinaweza pia kumalizika kwa mkono wa mtu.

Mnyororo uliokatwa na moto

Tuanze mbali kidogo. Maziwa yetu yamepangwa kama shanga kwenye uzi: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Yote yamelala katika bonde kubwa la ufa, lile linalopasua Afrika upande wetu. Lakini uzi huo haukuwa daima kama ulivyo leo.

Wanajiolojia wengi wanakubali kwamba zamani sana maji ya upande wa Kivu yalikuwa yakienda kaskazini, kuelekea ziwa Edward, na kutoka huko yakaingia katika mto Nile. Kisha milima ya moto ya Virunga ikainuka. Lava ikamwagika na kuziba njia, kama mtu anayejenga ukuta katikati ya mfereji. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda mwaka hadi mwaka, yakafunika mabonde. Ndiyo maana ukitazama ramani ya Kivu, pwani yake imejaa vidole na rasi, kama hizi tano za Bukavu: ni vilima vilivyozama nusu. Mwisho maji yakapata upenyo upande wa kusini, hapa petu, na takriban miaka elfu kumi iliyopita Ruzizi ukaanza kushuka kuelekea Tanganyika.

Kwa hiyo maji yaliyokuwa yakielekea Misri sasa yanaelekea Banana, kwa kupita Tanganyika, mto Lukuga na mto Kongo. Ziwa Kivu liligeuza uso wake.

Samaki waliokuwemo, hata hivyo, walibaki na ukoo wao wa zamani. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wataalamu wa kwanza wa Ulaya waliochunguza maziwa haya, akiwemo Mwingereza J. E. S. Moore, waliona jambo la kushangaza. Kivu imeunganishwa na Tanganyika kwa mto, lakini samaki wake wanafanana na wale wa Edward na Nile kuliko wale wa Tanganyika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2003 uliongeza kwamba samaki wadogo wa Kivu, wale ambao wataalamu wanawaita haplokromi, ni ndugu wa karibu sana wa wale wa ziwa Victoria.

Kwa nini samaki wa Tanganyika hawakupanda? Jibu liko kwenye njia ile ile ambayo wengi wenu mmeteremka. Kivu iko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika mita 770 hivi. Tofauti ni karibu mita 700. Mtu akitoka Kamanyola kuja Bukavu kwa barabara ya Ngomo anajua maana ya kupanda. Samaki naye alikutana na mabonde membamba na maporomoko ambayo hakuweza kuyapita. Mto uliunganisha maji, haukuunganisha samaki.

Ziwa lenye wavuvi wa pembeni

Ndiyo maana Kivu lilikuwa ziwa maskini wa samaki. Tanganyika ina aina zaidi ya 250. Kivu ilikuwa na aina chini ya 30 za asili: tilapia, kambare, wale haplokromi wa mawe na wa majani, na wengine wachache. Wote walikaa karibu na pwani. Katikati ya ziwa, kwenye maji mapana, hakukuwa na samaki wa kuvua.

Kuna sababu nyingine, nayo imo ndani ya ziwa lenyewe. Kivu lina kina cha mita 485, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya kupumua kwa samaki. Huko chini kumejaa gesi: ile kaboni na ile ya metani. Mbelgiji Hubert Damas alipima tabaka za maji hayo mnamo 1935 na 1936. Uhai wa samaki uko juu tu, katika mita 60 hivi za kwanza. Yaani ziwa letu ni kama nyumba ya ghorofa nyingi ambayo watu wanaishi ghorofa ya juu peke yake.

Basi Bahavu wa Idjwi na wa Kalehe, Bashi wa pwani, na majirani wa upande wa Rwanda walivua pembeni. Walitumia ndoana, migono, na nyavu ndogo, kwa mitumbwi ya mti mmoja. Samaki alikuwa chakula cha watu wa ufukweni, na alikuwa ghali kwa mtu wa mlimani. Wakati Bukavu inaitwa Costermansville, jina ililobeba hadi miaka ya 1950, mtu wa kawaida hakuwa na samaki wa bei rahisi kutoka ziwa analoliona kila asubuhi.

Safari ya 1958 hadi 1960

Upande wa Tanganyika mambo yalikuwa tofauti. Huko, tangu mababu, watu walivua usiku kwa mwanga: moto kwenye ncha ya mtumbwi, na wavu wa mkono uitwao lusenga. Waliwafuata samaki wadogo wa fedha wanaotembea makundi makundi katikati ya ziwa. Aina ni mbili. Mmoja ndiye ndagala mwenyewe, ambaye wanasayansi wanamwita Stolothrissa tanganicae. Mwingine ni mkubwa kidogo, watu wa Uvira na Burundi wanamwita lumbu, na jina lake la kisayansi ni Limnothrissa miodon.

Katika miaka ya 1950 uvuvi huo ulikua haraka. Wagiriki wa Bujumbura, wakati huo Usumbura, walileta meli na nyavu kubwa za kuzungusha. Wavuvi wa kienyeji walianza kufunga mitumbwi miwili pamoja na kushusha wavu katikati, chini ya taa za kupampu.

Wataalamu wa serikali ya kikoloni wakatazama huku juu, wakaona ziwa lenye vijidudu vya maji vingi na hakuna samaki wa kuvila katikati. Wakasema: hapa kuna shamba lisilolimwa. Kati ya 1958 na 1960, chini ya mtaalamu aitwaye A. Collart, makumi ya maelfu ya samaki wachanga walichukuliwa kutoka Tanganyika na kuachiliwa Kivu.

Waliyemtaka alikuwa ndagala, Stolothrissa. Ripoti ya Collart ya mwaka 1960 ilimtaja yeye. Lakini katika wale wachanga mlikuwemo pia lumbu, wamechanganyika. Ndagala aliyetarajiwa alipotea. Lumbu, ambaye hakuna aliyemtilia maanani sana, ndiye aliyeshika. Yeye anajua kuishi pia karibu na pwani, anakula vitu vingi, na hakuchagua sana. Huyo ndiye sambaza wetu. Neno lenyewe kwa Kiswahili ni kutawanya, na kweli alitawanyika: Bukavu, Idjwi, Kalehe, Goma, Gisenyi, Kibuye, Cyangugu.

Angalieni tarehe. Mwaka 1960 Kongo inapata uhuru. Waliomleta samaki waliondoka kabla ya kuona matunda. Hakuna aliyekuja kuwaambia wakaaji wa pwani: tumeweka samaki wapya, wavuneni hivi, wachungeni hivi. Samaki alibaki ziwani peke yake, anazaana, wakati nchi kavu ilikuwa na shida zake.

Mgeni aliyekuja bila adui wake

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza yote yaliyofuata.

Kule Tanganyika, lumbu na ndagala hawalali usingizi. Nyuma yao kuna wawindaji. Kuna sangala wakubwa, kuna mukeke, yule ambaye watu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Hao wanafuata makundi ya samaki wadogo usiku na mchana. Kila mtu wa Uvira anamjua mukeke, maana ni utamu wa meza yake. Samaki mdogo analisha samaki mkubwa, na mvuvi anavua wote wawili.

Collart hakuleta sangala, wala mukeke. Maporomoko ya Ruzizi yaliwazuia kupanda wenyewe. Hivyo sambaza alifika katika ziwa lisilo na samaki mkubwa wa kumwinda katikati ya maji. Ndege wa majini walijifunza kumla, na fisi maji pia. Sambaza wakubwa wenyewe hula watoto wao. Lakini mwindaji mwenyewe, yule wa kupunguza kundi kila siku, hakuwepo.

Nafasi hiyo tuliichukua sisi. Kwenye Kivu, sangala ni mtu. Mukeke ni mtu. Na kuna tofauti moja kati yetu na mukeke: yeye akikosa samaki wadogo, anapungua, nao wanapata muda wa kuongezeka tena. Mtu akikosa, anabadilisha wavu, anachukua wenye matundu madogo zaidi.

Mitumbwi mitatu

Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla watu kujua kwa hakika kwamba sambaza amefaulu. Katika miaka ya 1970 wataalamu walimkuta tele katika ziwa. Mwaka 1979, upande wa Rwanda, huko Gisenyi, mradi wa shirika la FAO na PNUD ulianza kufundisha uvuvi wake. Njia ikavuka mpaka. Katika miaka ya 1980 wavuvi wa upande wetu, wakati huo Zaire, nao waliishika.

Wengi wenu mnaijua picha hii hata mkifumba macho. Mitumbwi mitatu inafungwa sambamba kwa miti. Miti mingine mirefu inatokeza mbele na nyuma, kama pembe za ng'ombe. Kwenye ncha zake unaning'inia wavu mpana. Jua likizama, kikosi kinatoka, kinapiga kasia na kuimba, na wimbo unasikika hadi nyumba za juu kilimani. Wakifika mbali, wanawasha taa. Vijidudu vya maji vinafuata mwanga, sambaza anafuata vijidudu, na wavu umelala chini unangoja. Kisha unavutwa juu taratibu. Usiku mmoja wanarudia mara kadhaa. Siku za mwezi mpevu hawatoki, au wakitoka hawapati kitu, kwa sababu taa ya Mungu inashinda taa ya mvuvi.

Alfajiri kazi inapokelewa na wanawake. Mama wauzaji wanangoja ufukweni na besani. Wanapima, wanabishana bei, wanapandisha mzigo hadi Nyawera, Kadutu, hadi milango ya nyumba. Wasiouzwa wabichi wanakaangwa au wanaanikwa. Ada ya shule imetoka katika besani hizo. Hata mwenye nyumba aliyepanga chumba mara nyingine amelipwa na sambaza.

Mafuta ya taa yalipopanda bei, taa za betri zilichukua nafasi. Nyimbo zilibaki. Na umbo la mitumbwi mitatu limekuwa alama ya ziwa letu kiasi kwamba wageni wanafikiri ni la tangu enzi za mababu. Lina umri wa miaka 40 na kitu.

Je, alikuwa baraka au hasara?

Swali hili liliulizwa kwa sauti kubwa mwaka 1986, wakati mtaalamu Mbelgiji Henri Dumont alipoandika kwamba sambaza ni hatari kwa Kivu. Aliona kwamba vijidudu vya maji vimepungua sana baada ya samaki huyu kufika, na kwamba aina moja kubwa ya kiroboto-maji, iliyokuwa chakula bora, imetoweka. Akaogopa kwamba samaki atamaliza chakula chake mwenyewe, kisha aanguke.

Wengi walimjibu, na baadhi yao ni watu wa hapa petu. Katika Institut Supérieur Pédagogique ya Bukavu, ile tunayoiita ISP, walimu na wanafunzi wa elimu ya maji walianza kupima sambaza katika ghuba ya Bukavu mwezi baada ya mwezi: urefu wake, uzito, wakati wa kutaga. Profesa Kaningini alifanya tasnifu yake juu ya samaki huyu, akaimaliza mwaka 1995. Baadaye wakaja kushirikiana na chuo cha Namur cha Ubelgiji na watafiti wa Rwanda, na mwaka 2012 matokeo mengi yalikusanywa katika kitabu kimoja juu ya Kivu.

Walikuta nini? Kwamba Dumont alisema kweli juu ya vijidudu: vilipungua, na ile aina moja haikurudi. Lakini samaki hakuanguka. Vipimo vya sauti vilivyofanywa ziwani vilionyesha kwamba wingi wa sambaza ulikuwa karibu sawa na ule uliopimwa miaka 20 kabla. Ziwa lilikuwa limepata mizani mpya. Mizani ya chini kuliko matumaini ya wakoloni, kwa sababu maji yetu hayana rutuba ya kutosha kulisha samaki wengi sana, lakini ni mizani.

Ukilinganisha na wengine, tulipata bahati. Katika miaka ile ile ya 1950 na 1960, ziwa Victoria lilipewa sangara, ndugu mkubwa wa sangala. Huko walileta mwindaji, na alikula aina nyingi za samaki wadogo hadi zikatoweka. Na lumbu huyo huyo wa Tanganyika alipelekwa ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 1967 na 1968. Huko anaitwa kapenta, na amelisha miji mizima. Kwa hiyo ndugu zetu wa Lusaka wanakula samaki mmoja na sisi, kwa jina lingine.

Mto uliofungwa, na mgeni wa pili

Wakati sambaza anapandishwa mlima, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea hapa Nyalukemba. Bwawa la Ruzizi ya Kwanza lilijengwa mwisho wa miaka ya 1950, kilomita chache chini ya mahali mto unapoanza. Ruzizi ya Pili ilifuata mwaka 1989. Ndiyo yanayowasha taa zetu, umeme unapokuwepo. Kwa samaki, mabwawa hayo yaliongeza ukuta juu ya ukuta. Kama kulikuwa na samaki mwenye ndoto ya kupanda Ruzizi, ndoto hiyo iliishia hapo.

Hata hivyo, mwaka 2006 hivi wavuvi wa Kivu walianza kumwona mgeni mwingine: samaki mwembamba, mwenye madoa ya buluu yanayong'aa ubavuni. Wataalamu walimtambua: Lamprichthys tanganicanus, naye wa Tanganyika. Hakupanda maporomoko, maana haiwezekani. Mkono wa mtu tena. Safari hii haikuwa serikali wala mradi, na hakuna ripoti iliyoandikwa kabla. Anakula chakula kinachokaribiana na cha sambaza, na anakaa zaidi pwani. Sasa yumo katika nyavu na masokoni. Mnyororo wa maziwa ambao milima na maporomoko viliukata, watu wanaendelea kuuunga, kidogo kidogo.

Pwani ndiyo kitalu

Nimesimulia yote haya ili nifike hapa.

Sambaza mkubwa anakaa katikati ya ziwa, lakini hazaliwi huko. Anakuja kutaga karibu na pwani, na watoto wake wanakulia humo, katika ghuba zenye maji ya kina kifupi. Wakishakua kidogo ndipo wanatoka kwenda maji mapana. Maana yake, ghuba zetu za Bukavu, za Kalehe, za Kabare na za Idjwi ni kitalu cha ziwa zima. Mitumbwi mitatu inayovua mbali usiku inakutana zaidi na wakubwa. Wavu wa kukokota kutoka ufukweni, na chandarua cha mbu, vinakutana na watoto.

Vita vinasukuma watu pwani. Haikuanza jana. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu. Mwaka 1996 vita ikaja Bukavu yenyewe, mwaka 2004 tena, na mwaka 2025 tena. Kila mara mashamba ya mlimani yanaachwa, ng'ombe zinaibwa, na mtu aliyepoteza jembe anateremka ziwani, kwa sababu ziwa haliombi kodi ya shamba. Hana pesa ya mitumbwi mitatu. Ana chandarua alichogawiwa kwa ajili ya malaria. Anakifunga kwenye fimbo mbili, anaingia hadi magotini, anapata kikombe cha watoto wa sambaza, na usiku ule watoto wake wanakula.

Mimi sitamhukumu mtu huyo, na naomba msomaji pia asimhukumu. Lakini hesabu tuifanye kwa uwazi. Kikombe kile ni samaki mamia ambao wangefika besani nzima baada ya miezi michache. Na anayekikosa baadaye si tajiri fulani wa mbali. Ni mama yule yule wa besani, ni kikosi kile kile kinachoimba, ni jamaa iliyohamishwa itakayotaka kula bei rahisi mwaka kesho. Kwenye ziwa lisilo na mukeke, hakuna mwingine wa kulaumiwa wala mwingine wa kujizuia.

Upande wa Rwanda wamezoea kufunga uvuvi wa sambaza kwa miezi miwili hivi kwa mwaka, ili samaki apate pumzi. Samaki haonyeshi hati ya kusafiria: akipumzishwa upande mmoja na kukokotwa upande mwingine, faida inapungua kwa wote. Hapa kwetu kufunga ziwa lote ni vigumu wakati watu wana njaa na mamlaka zinabadilika. Lakini kufunga ghuba moja moja kunawezekana bila kungoja leta. Kamati ya wavuvi, mama wauzaji na wakaaji wa avenyu wanaweza kukubaliana kwamba katika ghuba hii hakuna kukokota, na kwamba asiye na mtumbwi anapewa nafasi ya kubeba, kuvuta wavu au kuanika, apate sehemu yake bila kuingia kitaluni. Kazi za namna hiyo zimekuwepo ufukweni siku zote. Ni kuzipanga tu, na kumhesabu mhamiaji kama mmoja wa wenye ziwa.

Kwa ndugu zetu walio Uvira, Kamanyola na ng'ambo ya Ruzizi: ukikaa kando ya Tanganyika na kuona lumbu kwenye besani ya muuzaji, mtazame vizuri. Huyo ni sambaza wetu kabla ya safari. Alitolewa kwao bila kuulizwa, akaletwa ziwa la juu lenye baridi na gesi, akaambiwa aishi. Mwenzake waliyekuja pamoja hakuweza. Yeye aliweza, na leo hakuna mtu wa Bukavu anayemwita mgeni.

Siku mtakaporudi kwa barabara ya Ngomo, tunataka mkute taa ziko ziwani usiku, na besani zimejaa asubuhi. Hilo litategemea tunachofanya sasa na wale wadogo wanaokulia pwani, hapa chini ya nyumba zetu.